Ardhi chini yetu inatembea: jinsi mabamba ya dunia yalivyotengeneza milima na maziwa ya mashariki mwa Kongo



Mtu anayefika Goma kwa mara ya kwanza huona mawe meusi kila mahali. Yako kwenye kuta za nyua, kwenye misingi ya nyumba na ya makanisa, barabarani, hata katikati ya mashamba ya maharagwe. Mwenyeji hayaoni tena kwa sababu ameyazoea. Lakini kila jiwe kati ya hayo lilikuwa moto uliyoyeyuka na kutoka chini ya ardhi, na mengine yana umri mdogo kuliko watoto wetu wa shule.

Mkaaji wa Uvira ana swali lake: kwa nini milima inasimama wima nyuma ya mji, na mbele kuna ziwa refu namna ile? Mkaaji wa Beni anashangaa kuona barafu juu ya Ruwenzori, karibu kabisa na ikweta. Na wale wa Bukavu na Kalemie wanauliza kwa nini usiku fulani kitanda hutikisika na vyombo huanguka jikoni.

Maswali haya yote yana jibu moja. Ardhi tunayoikanyaga haikusimama. Inatembea, polepole sana, na kutembea kwake ndiko kulikotupatia milima, maziwa, udongo mzuri na hatari zetu. Makala hii inaeleza jinsi jambo hilo linavyotokea, na kwa nini inafaa makanisa yetu yalijue.

GANDA LILILOGAWANYIKA VIPANDE

Fikiria yai lililochemshwa, ambalo ganda lake limepasuka lakini vipande vyake bado vimeshikamana. Dunia iko hivyo. Sehemu yake ya nje ni ngumu na imegawanyika vipande vikubwa na vidogo. Wataalamu huviita mabamba. Bamba moja huwa na unene wa kilometa 100 hivi. Huo ni unene mkubwa kwetu, lakini kutoka hapa tulipo hadi katikati ya dunia ni karibu kilometa 6,370. Kwa hiyo bamba ni jembamba kweli, kama ganda la yai.

Chini ya mabamba kuna mwamba wenye joto kali. Watu wengi hudhani kwamba huko chini kumejaa moto wa majimaji. Sivyo. Mwamba huo kwa sehemu kubwa ni mgumu, lakini kwa sababu ya joto na mgandamizo unasogea taratibu kwa muda mrefu, kama udongo wa mfinyanzi unavyokubali mkono. Joto lenyewe linatoka katika kiini cha dunia na katika madini yanayotoa nguvu kidogo kidogo ndani ya miamba.

Mabamba yamekaa juu ya mwamba huo nayo yanasogea. Kuna mahali ambapo ukingo wa bamba lililopoa na kuwa zito unazama chini na kuvuta bamba zima nyuma yake. Mwendo wake ni sentimeta chache kwa mwaka, karibu sawa na jinsi kucha zetu zinavyokua. Hakuna anayeona kucha ikikua, lakini kila mmoja anajua kwamba lazima aikate.

JINSI WATU WALIVYOLITAMBUA JAMBO HILI

Aliyelitetea wazo hili kwa bidii ni Alfred Wegener, Mjerumani aliyechunguza hali ya hewa. Mwaka 1912 alieleza kwamba mabara yalikuwa pamoja hapo zamani, kisha yakaachana. Mtu yeyote mwenye ramani ya dunia anaweza kuona alichokiona yeye: pwani ya mashariki ya Brazil inaingia vizuri katika pwani ya magharibi ya Afrika, kama vipande viwili vya chungu kimoja kilichovunjika. Tena, mabaki ya mnyama mmoja wa kale anayeitwa Mesosaurus, aliyefanana na mjusi na kuishi majini, yanapatikana kusini mwa Afrika na katika Amerika ya Kusini. Mnyama mdogo kama huyo hangeweza kuogelea na kuvuka bahari kubwa ya Atlantiki.

Wataalamu wengi wa wakati ule hawakumkubali, kwa sababu hakuweza kueleza nguvu gani inaweza kusukuma bara zima. Alikufa Greenland mwaka 1930, kabla wazo lake halijakubaliwa.

Katika miaka ya 1950, mwanamke Mmarekani aliyeitwa Marie Tharp alikuwa akichora ramani ya chini ya bahari ya Atlantiki. Aliona safu ndefu ya milima katikati ya bahari, na juu ya safu hiyo bonde lililopasuka. Mwenzake mwanzoni hakumsadiki. Kisha walipolinganisha ramani yake na mahali matetemeko yanapotokea, vitu viwili vilifuatana: matetemeko yalikuwa ndani ya bonde lile lile. Bonde hilo lilifanana na Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1960 ushahidi mwingine uliongezeka, na wataalamu wengi wakakubali kwamba mabamba yanasogea. Leo satelaiti zinaweza kupima mwendo huo hadi milimeta.

MABAMBA YAKIKUTANA, YAKISUGUANA, YAKIACHANA

Mambo makubwa hutokea kwenye mipaka ya mabamba. Mipaka hiyo ni ya namna tatu.

Namna ya kwanza ni mabamba yanayogongana. Bamba la India liligonga Asia miaka milioni 50 hivi iliyopita na bado linasukuma. Ardhi ilikunjamana na kuinuka, ikawa milima ya Himalaya. Kilele chake, Everest, kina meta 8,849, na juu kabisa kuna mawe ya chokaa yaliyofanyika chini ya bahari. Katika Amerika ya Kusini, bamba la bahari linazama chini ya bara. Hapo ndipo ilipotokea milima ya Andes pamoja na volkano zake, na hapo ndipo lilipotokea tetemeko kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa, lile la Chile la mwaka 1960, lenye ukubwa wa 9.5.

Namna ya pili ni mabamba yanayopitana ubavu kwa ubavu. Hayajengi milima mikubwa wala volkano, lakini yanashikana, yanakaa miaka mingi bila kusogea, kisha yanaachia ghafula. Haiti iko kwenye mpaka wa namna hiyo. Tetemeko la tarehe 12 Januari 2010 liliangusha mji mkuu wake, Port-au-Prince.

Namna ya tatu ni mabamba yanayoachana. Katikati ya Atlantiki ardhi inafunguka, mwamba ulioyeyuka unapanda na kujaza nafasi, na bahari inapanuka. Nchi ya Iceland ni sehemu ya safu hiyo iliyojitokeza juu ya maji.

Sisi wa mashariki mwa Kongo tuko katika namna hii ya tatu. Tofauti ni kwamba kwetu ufunguzi unatokea katikati ya bara, nao haujafika mbali.

AFRIKA INAPOFUNGUKA

Bara la Afrika linagawanyika sehemu mbili. Upande wa magharibi, pamoja na sehemu kubwa ya Kongo, ni bamba linaloitwa Nubia. Upande wa mashariki ni bamba la Somalia. Kati yao kuna Bonde la Ufa, lenye matawi mawili. Tawi la mashariki linapita Ethiopia, Kenya na Tanzania. Tawi la magharibi ni letu: linaanza upande wa ziwa Albert, linapita ziwa Edward, ziwa Kivu na ziwa Tanganyika, kisha linaelekea ziwa Malawi. Kati ya matawi hayo kuna bamba dogo lililobeba ziwa Victoria.

Hebu tueleze jinsi bonde la namna hii linavyofanyika. Chukua tofali la udongo ambalo halijakauka vizuri, ulishike pande mbili, ulivute. Litapasuka kwa mistari inayofuatana, na kipande cha katikati kitashuka kati ya mistari hiyo. Kipande kilichoshuka ni bonde. Kingo mbili zilizobaki juu ni milima ya kando.

Msafiri anayetoka tambarare ya Rwindi na kupanda kwenda Kanyabayonga anapanda ukingo huo kwa gari. Mkaaji wa Uvira anauona kila asubuhi: milima ya Mitumba nyuma yake ni ukingo, na ziwa mbele yake ni kipande kilichoshuka. Ng'ambo, upande wa Burundi, ukingo wa pili unaonekana siku ya anga safi.

Mwendo wa ufa wetu ni mdogo hata kuliko ule wa kucha. Katika eneo la Kivu ni kama milimeta 2 au 3 kwa mwaka. Mtu akiishi miaka 70, ardhi itakuwa imefunguka takriban upana wa daftari la shule. Kwa hiyo tusiogope habari zinazopita katika simu kwamba Afrika itakatika kesho na bahari itaingia Kivu. Bahari ya Shamu, kati ya Afrika na Arabuni, ilianza kama ufa wa namna hii, lakini ilihitaji mamilioni ya miaka.

Hata hivyo, mwendo huo haufanyiki kidogo kidogo kila siku mahali pote. Nguvu inaweza kujilimbikiza kwa muda mrefu, kisha ikaachia mara moja. Mwezi wa Septemba 2005, katika jangwa la Afar nchini Ethiopia, ufa wa urefu wa kilometa 60 hivi ulifunguka kwa siku chache tu, na mahali pengine ardhi ilisogea meta kadhaa.

RUWENZORI NA VIRUNGA: MILIMA YA ASILI MBILI

Wengi hudhani milima yote mirefu ya kwetu ni volkano. Ruwenzori si volkano. Ni kipande kikubwa cha miamba ya kale sana kilichoinuliwa kati ya mipasuko ya Bonde la Ufa, hadi kufikia meta 5,109. Kwa sababu ya urefu huo kuna barafu, ingawa imepungua sana katika miaka 100 iliyopita. Mto Semuliki unapita chini yake, ndani ya bonde, ukipeleka maji ya ziwa Edward katika ziwa Albert.

Virunga ni jambo lingine. Ardhi inapovutwa na kuwa nyembamba, uzito unaoubana mwamba wa moto ulio chini hupungua. Mgandamizo ukipungua, sehemu ya mwamba huo inayeyuka na kupanda kupitia nyufa. Hivyo zilizaliwa volkano nane za Virunga, kuanzia Nyamulagira na Nyiragongo, kupitia Mikeno na Karisimbi, hadi Muhabura. Karisimbi ndiyo ndefu kuliko zote, yenye meta 4,507. Zinazotoa moto mara kwa mara siku hizi ni Nyamulagira na Nyiragongo, zote mbili upande wa Kongo.

Volkano hizo pia hutulisha. Majivu na mawe yake yakioza huwa udongo mweusi wenye rutuba. Viazi, maharagwe na mboga za Rutshuru na Masisi zinatokana na udongo huo. Watu hawakukaa karibu na volkano kwa ujinga. Walikaa kwa sababu ardhi yake inazaa.

MAZIWA YALIYO NDANI YA UFA

Ziwa Tanganyika lina kina cha meta 1,470. Ni ziwa la pili duniani kwa kina, baada ya Baikal huko Urusi. Uso wake uko meta 773 hivi juu ya bahari, maana yake chini kabisa ya ziwa ni karibu meta 700 chini ya usawa wa bahari. Ufa umeshuka hadi huko. Ni ziwa la kale sana, la mamilioni ya miaka, na ndiyo sababu lina aina nyingi za samaki zisizopatikana mahali pengine.

Ziwa Kivu lina historia nyingine. Zamani maji ya eneo hili yalitiririka kuelekea kaskazini. Volkano za Virunga zilipoinuka katikati ya bonde, ziliziba njia kama ukuta. Maji yakajaa nyuma yake, yakapanda, kisha yakapata njia ya kusini, ambayo ndiyo mto Ruzizi. Kwa hiyo umeme wa Bukavu unaotoka katika mabwawa ya Ruzizi ni deni letu kwa volkano. Na sambaza tunaowala hawakuzaliwa Kivu: waliletwa na watu kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

Chini ya ziwa Kivu kuna gesi nyingi iliyoyeyuka ndani ya maji: kabonidioksidi na metani. Ni kama chupa ya soda iliyofungwa. Maji ya chini ni mazito, hayachanganyiki na ya juu, na uzito wa maji unaishikilia gesi huko. Nchini Kameruni, ziwa Nyos lilitoa gesi yake ghafula tarehe 21 Agosti 1986, na zaidi ya watu 1,700 walikufa. Kivu ni kubwa sana kuliko Nyos, na ndiyo maana linachunguzwa. Metani yake pia ni mali: upande wa Rwanda inatolewa na kufanywa umeme.

HATARI TATU TUSIZOPASWA KUZICHANGANYA

Ya kwanza ni tetemeko. Tarehe 5 Desemba 2005, tetemeko lenye ukubwa wa 6.8 lilitokea chini ya ziwa Tanganyika, na nyumba zilianguka Kalemie. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Jumapili asubuhi, tetemeko la 5.9 lilipiga Bukavu na Rwanda ya magharibi. Upande wa Rwanda, jengo la kanisa liliwaangukia watu waliokuwa ndani, na baadhi yao wakafa. Hakuna mtaalamu wala chombo duniani kinachoweza kutaja siku na saa ya tetemeko. Anayetangaza tarehe, hata akitumia lugha ya kisayansi au ya kinabii, anawatisha watu bure.

Ya pili ni volkano. Nyiragongo ilipasuka tarehe 10 Januari 1977, tarehe 17 Januari 2002 na tarehe 22 Mei 2021. Lava yake ni nyepesi na inatiririka kwa haraka. Mwaka 2002 ilipita katikati ya Goma hadi ziwani, na baadhi ya waliokufa hawakuuawa na lava bali na mlipuko wa kituo cha mafuta. Mwaka 2021 ilisimama karibu na uwanja wa ndege, kisha ardhi ikatetemeka siku nyingi kwa sababu mwamba ulioyeyuka ulikuwa ukisogea chini ya mji. Tofauti na tetemeko, volkano mara nyingi hutoa ishara: mitetemo, joto, gesi. Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, OVG, kipo kwa kazi hiyo. Lakini ishara zinaweza kuwa fupi sana, kama ilivyokuwa mwaka 2021.

Ya tatu ni mazuku. Jina hili la kwetu limeingia hata katika vitabu vya wataalamu wa nchi nyingine. Ni kabonidioksidi inayotoka katika nyufa na kukusanyika mabondeni kwa sababu ni nzito kuliko hewa. Haina rangi, na mtu hawezi kuitegemea pua yake kuigundua. Hukusanyika zaidi usiku na alfajiri, upepo unapotulia. Mbuzi hufa kwanza, kisha mtoto, kwa sababu wako karibu na ardhi. Mtu mzima akiinama kumwokota naye anaweza kuanguka.

NINI KIFANYIKE KATIKA MAKANISA YETU

Kwanza, tujenge vizuri. Kinachoua watu katika tetemeko ni ukuta. Kabla ya kuinua kuta ndefu za matofali, halmashauri ya ujenzi imwulize fundi: je, kuna mkanda wa zege wenye vyuma unaozunguka kuta zote juu ya madirisha? Je, pembe zina nguzo? Je, milango inafunguka kwa nje, na iko zaidi ya mmoja? Maswali haya yana gharama, lakini ni ndogo kuliko ile ya mazishi.

Pili, wazee na mashemasi wajue njia za kutokea na mahali pa kukusanyika. Wajue nani katika parokia hawezi kutembea mwenyewe: mzee, mgonjwa, mama aliyejifungua. Mwaka 2021 wengi walikimbia gizani bila kujua watoto wao wako wapi.

Tatu, watoto wafundishwe kutoshuka mahali pa mazuku na kutochota kuni humo asubuhi mapema. Tukiona wanyama waliokufa ndani ya bonde bila jeraha, turudi nyuma na kuita wengine.

Nne, tulinde midomo yetu. Baada ya kila msiba hutokea mtu anayesema kwamba fulani ndiye aliyeuleta, au kwamba waliokufa walikuwa wabaya kuliko waliopona. Ufa huu ulianza kufunguka kabla babu wa mababu zetu hawajazaliwa, nao hauchagui kabila, ukoo wala dhehebu. Mjane aliyepoteza nyumba yake chini ya lava hahitaji kuambiwa kosa lake. Anahitaji mahali pa kulala.

Hatuwezi kuzuia bamba kutembea, wala hatukuombwa kufanya hivyo. Tumepewa nchi hii yenye milima, maziwa na udongo mweusi, na pamoja nayo tumepewa akili ya kuielewa. Jumapili ijayo, ibada ikiisha, wazee wazunguke jengo la kanisa pamoja na fundi, watazame kuta zake na kuhesabu milango yake.